Ziwa la Sufi

Kama nawe umeketi kwenye benchi lile nje ya chumba cha kufungia vidonda, chagua upande wa ukutani. Upande wa mlangoni utasikia kila koleo linavyogonga beseni, na kabla jina lako halijaitwa mwili utakuwa umekwisha kuchoka. Ukutani kuna mahali pa kuegemeza kichwa. Chokaa imebanduka hapo, pakabaki doa la mviringo lenye mafuta ya nywele za wanawake waliotutangulia. Yangu nayo yamo. Leo kidonda changu kimefumba, masika imeliachia bonde, na majani ya mpunga yamesimama. Naandika ili atakayeegemea pale baada yangu ajue kwamba ukuta ule umewahi kubeba vichwa vingine vyenye woga kama wake.

Mimi ni Yunis. Kwetu ni Vidunda, mlimani, lakini niliolewa Mikumi, na huko ndiko nilikokuwa nikifundisha shule ya msingi. Mume wangu, Daudi, ni mtu wa genge la reli, wale wanaopita na nyundo na mataruma katika njia itokayo Kilosa. Ulikuwa wakati wa kuhamia vijijini. Nyumba yetu mpya, katika mstari wa nyumba zilizofanana, ilikuwa bado inanuka udongo mbichi, na shamba la pamoja lilikuwa limefyekwa hadi karibu na vichaka ambako asubuhi tulikuta kinyesi cha tembo kikitoa mvuke.

Binti yetu ni Neema. Alikuwa amekwisha kuacha kunyonya na ameanza kusema, lakini alikuwa halali mpaka aweke mkono juu ya ziwa langu la kushoto. Hakutaka la kulia. Ukimpa la kulia alinung'unika usingizini na kuhama. Ni mkono wake huo ulionigundulia uvimbe, kwa sababu usiku mmoja alibonyeza mahali nami nikaumia, na nilipogusa nikakuta kitu kigumu mfano wa kokwa la zambarau.

Sitaeleza mambo ya kitabibu. Siyajui, na niliyoambiwa niliyasikia kwa masikio ya mtu anayezama. Daktari wa hospitali tuliyokwenda, upande wa Kilosa, alisema litoke lote na upesi. Daudi aliuliza kama haiwezekani kutoa kokwa peke yake. Daktari alitikisa kichwa, akamwonyesha mahali pa kuweka sahihi. Nakumbuka kwamba nje ya dirisha palikuwa na msufi, na ilikuwa kiangazi, maganda yake yamepasuka, pamba yake nyeupe inaruka uani na kunasa kwenye nguo za wagonjwa zilizoanikwa. Niliitazama mpaka nikachomwa sindano. Nilipoamka, pale nilipokuwa na ziwa palikuwa na bandeji, na chini ya kwapa umetoka mpira mwembamba uliodondosha maji mekundu katika chupa.

Mtu hakuambii kwamba utaendelea kulihisi. Lilikuwa linawasha. Lilikuwa linajaa asubuhi, kama zamani Neema alipokuwa akichelewa kuamka. Nilipeleka mkono, mkono ukakuta bandeji.

Muuguzi aliyenifunga kidonda aliitwa Sista Skola, mwanamke mrefu, mchache wa maneno, mwenye kucha zilizokatwa mpaka nyamani. Siku ya kuniruhusu alimwita mama yangu, aliyekuwa ameshuka kutoka Vidunda kuja kuniuguza, akamsimamisha mbele yangu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Daktari amekwisha kufanya kazi yake. Iliyobaki ni yako. Pale mpira ulipotoka bado pako wazi. Uchafu ukiingia hapo, mimi sina jicho la kuuona ukiingia, nitauona ukiwa umekwisha kumla. Kwa hiyo kitu kisichochemshwa, au kisichopigwa pasi ya moto, kisiguse hapo. Unanielewa?"

"Hata mkono wangu?"

"Mkono wako unawe kwa sabuni mpaka kiwikoni. Na usiupanguse na kanga. Uache ukauke wenyewe, hivi." Akainua mikono yake juu, viganja vikamtazama.

Mama yangu ni mtu wa misheni. Amri akishapewa haijadili. Tuliporudi Mikumi aliifanya nyumba yetu kuwa zahanati. Chungu cha kuchemshia vitambaa hakikupikiwa ugali. Alivichemsha, akavianika mahali pasipo vumbi, akavipiga pasi ya mkaa mbele na nyuma mpaka vikanuka karibu na kuungua, kisha akavikunja ndani ya kopo la bati lenye kifuniko. Majirani walipokuja kunijulia hali, kama ilivyo desturi, wakitaka kunishika mkono na kuketi kitandani, aliwasimamisha mlangoni.

"Mkono hapana. Msalimieni kwa mdomo."

"Mama Yunis, tumetoka shambani kwa pamoja kuja kumwona mgonjwa, unatufukuza?"

"Siwafukuzi. Nafukuza mikono."

Walisema tumekuwa wazungu. Mimi nilikuwa nimelala naangalia paa. Ugonjwa hukufanya uwe mtoto katika nyumba yako mwenyewe. Watu wanagombana juu ya kichwa chako, nawe unasubiri kuambiwa nani ameshinda.

Lakini hao tungeweza kuwavumilia. Aliyetushinda ni Neema. Hakuna aliyejua jinsi ya kumweleza. Usiku wa kwanza alipanda kitandani kama kawaida, mkono ukaja upande wa kushoto, na mama akaudaka hewani. "Mikono, Neema! Mikono!" Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Tulimhamishia kwa bibi yake, kwenye mkeka. Usingizini mkono wake ulikuwa unatafuta, unapapasa mkeka, unapapasa ukuta. Daudi alikuwa akitoka nje kila aliposikia kilio kile. Naye pia alikuwa bado hajaweza kutazama wakati bandeji inafunguliwa. Aligeuza uso, akajifanya anatafuta kiberiti. Sikumlaumu, mimi mwenyewe nilikuwa naangalia paa.

Hapo ndipo alipokuja mtani wetu.

Bi Kabula ni Mnyamwezi. Zamani za ukoloni yeye na marehemu mumewe walikuja kukata mkonge katika mashamba ya Kilosa, na mkonge ulipomchosha akaanza kushona mito na magodoro ya sufi na kuyauza stesheni ya Mikumi. Kati ya Wanyamwezi na watu wa kwetu kuna utani wa tangu enzi za misafara, na baba yangu alipofariki, mwaka mmoja kabla ya ugonjwa wangu, ni Bi Kabula aliyepanda mlima mpaka Vidunda kuja kufanya kazi ya mtani. Alijilaza kando ya kaburi akakataa kuamka mpaka apewe chake. Aliwachekesha watu waliokuwa hawajala siku nzima. Na alipoondoka, kwa haki ya mtani, aliunyakua mto wa marehemu kitandani, akateremka nao mlimani kichwani huku akiimba. Hakuna aliyemfuata. Mtani akichukua amechukua, na hakasirikiwi.

"Hodi kwa nyani wa mlimani!" Ilikuwa sauti yake mlangoni.

"Karibu, mpagazi," nilijibu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutabasamu tangu nipasuliwe. "Leo umebeba mzigo wa nani?"

"Wa kwenu. Niwapunguzie, maana naona mnapunguzwa." Alisimama palepale mama alipomsimamisha, mikono kiunoni, akanitazama kifuani bila aibu yoyote. "Loo! Serikali ilitaifisha mabenki, nikanyamaza. Ikataifisha mashamba ya mkonge, nikapiga makofi. Sasa imefika kifuani mwa mtani wangu! Wamekuachia hata moja?"

"Wameniachia moja."

"Basi huo si ujamaa. Ujamaa ni kugawana. Hilo lililobaki zamu yake ni ya nani?"

Mama alikuwa ameshika pasi ya moto. Alilazimika kuiweka chini. Nilicheka mpaka nyuzi zikanivuta, nikamwomba anyamaze, naye hakunyamaza, alisema sasa nimekuwa tambarare upande mmoja na ndege za watalii zitatua kwangu badala ya kule mbugani. Wote wengine walikuwa wamekuja na nyuso za msiba. Yeye alikuja kuniambia wazi kwamba nimekatwa ziwa, na kwa kulisema hivyo akanirudishia mwili wangu uliokuwa umegeuka siri.

Kisha Neema, aliyekuwa amelala mkekani, akaanza kupapasa. Bi Kabula alimwona. Aliutazama ule mkono ukienda na kurudi. Aliondoka bila kuaga.

Alirudi baada ya siku chache akiwa na kifurushi na kipande kipya cha marekani.

"Namshonea mtani ziwa," alisema.

Mama alikichukua kile kitambaa, akakigeuza. "Umekichemsha?"

"Dada, kimetoka dukani leo."

"Kipya siyo kilichochemshwa."

Kikachemshwa. Kikaanikwa, kikapigwa pasi mbele na nyuma, mara mbili. Sindano nayo mama aliichemsha, na uzi. Bi Kabula alinawa mpaka viwikoni, akakaa na mikono juu ikikauka, huku akilalamika kwamba hajawahi kuona watu wanaoshona kama wanaochinja. Halafu akafungua kifurushi. Ulikuwa mto wa baba yangu.

"Nimeulalia mwaka mzima," alisema, na hakutania. "Leo naurudisha. Mtani harudishi, lakini huu naurudisha. Mzee atamlaza mjukuu wake."

Aliupasua, akaanza kuchambua sufi iliyokuwa imegandamana, akaifumua kwa vidole mpaka ikawa nyepesi, akaijaza katika mfuko wa kitambaa. Vumbi lake lilipanda katika mwanga wa dirisha. Niliona kitu cha dhahabu kikielea, wala sikuona vumbi. Mama alikuwa analia kimyakimya. Sote watatu tulikuwa waangalifu kama watu walio kanisani, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri juu ya kilicho ndani. Kitambaa kilikuwa kimechemshwa. Na nani kati yetu angesema kwamba mto wa baba ni mchafu?

Lilikuwa ziwa zuri. Lilikuwa na uzito mdogo wa kitu kilicho hai. Mama alilifunga juu ya bandeji kwa mkanda wa kanga iliyopigwa pasi. Jioni ile Neema alipanda kitandani, mkono wake ukaja, ukasita, ukagusa kitambaa, ukabonyeza. Alinitazama usoni. Kisha akalaza shavu, na kabla taa haijazimwa alikuwa amelala. Daudi alisimama mlangoni, na safari hii hakutoka nje.

Nililivaa mchana na usiku. Nililivaa kanisani, na gauni langu likakaa kama zamani. Zilikuwa siku za joto lile linalotangulia mvua, ambapo Mikumi yote inangoja na hata nyani wanakaa kimya juu ya paa la stesheni. Jasho lilitiririka chini ya mkanda. Sufi haipitishi jasho, linabaki palepale. Pakaanza kuwasha, nikafurahi, kwa sababu mtu aliniambia kidonda kikiwasha kinapona.

Mvua za vuli zilipofika, nami nilikuwa natetemeka. Ngozi kuanzia kwapani mpaka shingoni ilikuwa ngumu na inawaka, mkono wa kushoto umevimba hata pete ya ndoa ikazama. Mama alifungua bandeji. Niliona pua yake ikisita kabla macho yake hayajaonyesha lolote. Harufu ilikuwa yangu, ilitoka kwangu, na sikuweza kuikimbia. Kutoka kwenye lile tundu dogo la mpira usaha ulikuwa unatoka bila kukamuliwa.

"Treni ni lini?" mama aliuliza.

Daudi alikuwa ametoka stesheni, maji yanamtiririka kofiani. "Hakuna treni. Mto Miyombo umepanda, maji yamelamba tuta. Reli zinaning'inia."

Barabara nayo ilikuwa tope, lori halikupita. Nililala nikisikiliza mvua juu ya nyasi za paa, na nikajua kwamba ninayo yote: mume, mama, hospitali yenye dawa upande wa pili wa maji, na kwamba yote hayo pamoja hayawezi kunisogeza hatua moja. Sijui neno la kuelezea hali hiyo. Si woga. Woga ungekuwa na mahali pa kukimbilia.

Daudi alikwenda kumwomba nyapara wa genge kiberenge, kile kigari cha reli kinachosukumwa kwa mikono. Nyapara alikataa. Kiberenge ni cha kukagulia njia, alisema, si cha kubebea wagonjwa.

"Basi twende tukakague," Daudi alimjibu. "Tuta limebomoka, nani amelikagua? Mke wangu atakuwa amekaa tu wakati tunakagua."

Nyapara aligeuka na kuanza kutafuta turubai.

Walinilaza juu ya mbao, mama kichwani kwangu na mwavuli, Daudi na wenzake wawili wakisukuma na kuimba wimbo wao wa kunyanyua mataruma. Mshtuko wa kila kiungo cha reli uliingia kidondani. Mashamba yalikuwa yamegeuka maziwa, na mkonge umesimama ndani ya maji kwa mistari. Tulipofika penye tuta lililobomoka nilifumbua macho nikaona reli mbili zikipita hewani juu ya maji ya rangi ya chai, hazijashikwa na kitu chochote. Walinibeba kwenye turubai kwa kuzunguka, maji yakiwafika mapajani. Ng'ambo, genge la upande wa Kilosa lilikuwa linangoja na kiberenge chao, maana nyapara alikuwa amepiga simu ya stesheni bila kutuambia. Ziko huruma ndogo kama hizo. Zihesabu, hata kama huwezi kuzilipa.

Sista Skola hakupiga kelele. Alifungua mkanda wa kanga, akaliinua lile ziwa la kitambaa kwa koleo.

"Hiki ni nini?"

Mama alieleza. Alieleza yote: chungu, pasi, sindano iliyochemshwa. Sauti yake ilikuwa ya mwanafunzi aliyefanya kazi yake na anangoja kusifiwa. Sista alichukua mkasi, akakata mshono, akashika fundo la sufi, akaliweka katika sufuria lililokuwa linatokota pale chumbani. Sote tulitazama. Maji yalichemka, yakarukaruka, na juu yake sufi ikaelea. Aliizamisha kwa koleo, ikaibuka. Alipoitoa na kuibinya, katikati yake palikuwa pakavu.

"Hii haichemki, Mama," alisema polepole. "Maji hayaingii ndani yake. Na kilichokuwa ndani yake hakitoki kwa pasi."

Mama alikaa sakafuni. Hakutafuta kiti.

Walizifungua nyuzi zote. Kidonda kikaachwa wazi, kijae chenyewe kutoka chini kuja juu, na kila asubuhi Sista alikipakia shashi zilizolowekwa dawa, kila asubuhi akazitoa. Nilijifunza mlio wa kigari chake cha magurudumu tangu kinapotoka mlango wa mwisho wa wodi. Nilikuwa nauma kona ya shuka. Sindano za penisilini zilifanya makalio yangu yawe mbao. Siku moja zikaisha. "Tunangoja gari la kutoka Morogoro," tuliambiwa, na homa haikungoja. Kitanda cha pili alikuwapo bibi mmoja wa Tindiga, mwenye kidonda cha mguu kilichokuwa na miaka mingi kuliko umri wa Neema. Aliniona ninavyogeuza kichwa kila nisikiapo mngurumo barabarani.

"Wewe lala," aliniambia. "Mimi masikio yangu hayana kazi. Nitalisikiliza hilo gari kwa niaba yako."

Nikalala. Alilisikiliza mpaka likaja, akaniamsha kwa kunitupia punje za mahindi, kwa kuwa hakuweza kunyanyuka.

Reli ilipotengenezwa, treni ya kwanza ilimleta Bi Kabula. Niliiona kanga yake mlangoni mwa wodi, akiwa amebeba papai. "Nyani wangu wako wapi?" aliuliza, na wanawake wakaanza kutabasamu. Homa ilikuwa imenikausha ulimi. Nilifungua mdomo, pakatoka hewa.

Mama ndiye aliyesimama.

"Umetuletea mto wa maiti," alisema. "Umeulalia mwaka, ukaja ukaufunga juu ya kidonda cha mwanangu. Tazama. Tazama ulichofanya."

Mtani hakasirikiwi. Mama alilijua hilo tangu utotoni, na wodi nzima ililijua. Nilitaka kusema kwamba sisi wote watatu tulinawa, sisi wote watatu tulikuwapo, kwamba nilikuwa nimelivaa kwa furaha. Nilitaka japo kutikisa kichwa. Shingo yangu ilikuwa ngumu kwa uvimbe, haikugeuka. Machozi yalinitoka, na nina hakika Bi Kabula aliyasoma kama ushahidi dhidi yake.

Hakujibu kwa mzaha. Aliweka papai juu ya sakafu. "Nimekusikia, dada," alisema. Akatoka. Papai lilikaa pale mpaka mfagiaji alipoliondoa.

Joto la baada ya vuli lilipita nikiwa mle ndani. Uvimbe ulishuka shingoni, pete ikaonekana tena. Siku moja Daudi alikuja wakati wa kufungwa kidonda, nikamngoja ageuze uso. Hakugeuza. Alinawa, akamwomba Sista amwonyeshe jinsi shashi zinavyokunjwa, na tangu siku hiyo aliyezikunja ni yeye, kwa vidole vyake vinene vya nyundo, kingo juu ya kingo. Daktari naye alisema machache: kidonda kitafumba, nadhani, lakini lile jingine, kokwa lile, kama limekwisha au limebakiza mizizi, tungoje tuone. Bado tunangoja. Sitaki kukudanganya wewe uliye kwenye benchi kwamba mwisho wa kidonda ni mwisho wa kungoja.

Niliruhusiwa kabla ya masika. Nilipoingia nyumbani Neema alikuwa uani. Aliniona, akasimama, kisha akaificha mikono yake nyuma ya mgongo.

Hiyo ndiyo picha ambayo sijaweza kuifuta. Hakuna aliyemwambia aifiche. Aliificha kwa kuwa katika akili yake ndogo mikono yake ndiyo iliyonipeleka hospitali. Nilimwita, hakuja. Usiku alilala kwa bibi yake na ngumi zake amezifumba.

Masika yote nilikwenda na treni kufunga kidonda na kurudi, na shimo lilipungua: likatosha kidole, likatosha ncha ya penseli, likawa mstari. Stesheni ya Mikumi nilimwona Bi Kabula kwa mbali na magodoro yake. Aliponiona alianza kupanga upya mito ambayo ilikuwa imekwisha kupangwa.

Mvua zilipokuwa zinakatika, Sista Skola aliutazama mstari ule, akaivutavuta ngozi ya pembeni, akaacha wazi. Hakufunga kitu. "Sasa ni ngozi," alisema. "Unaweza kuguswa."

Siku iliyofuata, mchana, nilikuwa nimekaa kibarazani na mama anapepeta mchele. Mtu alisimama njiani.

"Habari za hapa, Mwalimu."

Alikuwa Bi Kabula. Hajawahi kuniita Mwalimu. Alikuwa amejifunika kanga mpaka kidevuni kama mtu aliyekuja kwa wakwe, na macho yake yalikuwa chini.

"Nimesikia umepona. Nimekuja kutoa pole tu. Sikai."

Ungo wa mama ulitulia. Nilielewa kwamba nisiposema kitu sasa, mwanamke huyu atakuwa na adabu kwangu mpaka siku ya kunizika, na siku hiyo hakutakuwa na mtu wa kujilaza kando ya kaburi langu.

"Mama," nikasema kwa sauti, "hebu nitazamie. Huyu ni mpagazi gani anayekuja mikono mitupu? Au Unyamwezini mizigo imewashinda siku hizi?"

Kanga ilitikisika. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini mdomo wake ulikuwa umekwisha kuanza kazi.

"Nyani mwenye ziwa moja," alisema, "hana haki ya kudai ndizi mbili."

Mama aliweka ungo chini. Aliingia ndani, akatoka na birika na kipande cha sabuni, akasimama mbele ya Bi Kabula. Hakuomba radhi, kwa mtani haiombwi. Aliinamisha birika.

"Nawa, dada. Mpaka kiwikoni."

Bi Kabula alinawa. Alisugua katikati ya vidole, alisugua chini ya kucha, maji yakatengeneza kijito mpaka kwenye miguu ya Neema, aliyekuwa amejibanza nyuma ya nguzo anachungulia. Bi Kabula alimwona.

"Na wewe, mtoto wa nyani, njoo. Hapa hapakai wachafu. Lete hiyo mikono."

Neema alinitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Taratibu, mikono ikatoka nyuma ya mgongo. Bibi yake akammiminia, Bi Kabula akamsugua mpaka viwiko, akamfundisha kuinyanyua juu, viganja mbele. Hakungoja ikauke. Alinijia mbio ikiwa inadondosha maji, akapanda mapajani, na mkono wa kulia ukaja upande wa kushoto, ukapita kwenye kola ya gauni langu na kukuta mfupa, ngozi, mstari. Hapakuwa na kitu cha kushika. Aliulaza hapo vivyo hivyo, umefumbuka, baridi. Niliuhisi kila kidole.

"Tambarare," Bi Kabula alinong'ona. "Nilisema. Ndege imetua."

Alikuwa bado amesimama uani na mikono yake juu, maji yakimchuruzika mpaka makwapani, akiogopa kuipangusa, akingoja ikauke ili naye aje aguse.